Mutuonyeshe pointi zetu



Kila mwezi linapita tangazo kwenye WhatsApp zetu: mashindano ya slam, ya kuchora, ya filamu fupi. Zawadi iko juu, tarehe ya mwisho iko chini, katikati kuna logo tano ao sita. Na sisi wenye diplomi bila kazi tunakopa mega, tunajiandikisha. Wanasema tunafuata dola. Dola tunaitaka, nani atakataa? Lakini dola inaenda kwa mutu mumoja. Wale wengine wanarudi nyumbani na nini?

Kuna kitu kinabaki. Mutu akipeleka dosye za kazi miaka mbili bila kujibiwa, anasahau hata namna ya kumaliza kitu. Anaanza leo, anaacha kesho, hakuna anayemuuliza. Shindano linamuuliza. Teksti ifike Ijumaa, na iwe ya dakika tatu, siyo nne. Mimi slam ilinifundisha kukata maneno kuliko kazi yangu ya mwisho wa masomo, ambayo sijui kama kuna mutu aliisoma mpaka mwisho. Unaandika mistari arobaini, dakika tatu zinabeba ishirini. Ile unayotupa mara nyingi njo ile uliyoipenda zaidi, yenye Kifaransa kikubwa. Uisome mbele ya watoto wa kartie: wakianza kuangalia telefoni, umejua palepale teksti inalala wapi.

Chéri Samba alijifunza vile. Alifika Kinshasa mwaka 1972, kijana mudogo, akajifunza kuchora vibao vya maduka. Mwaka 1975 akafungua ateliye yake. Picha alizitundika inje, akaona watu wanatupa jicho, wanapita. Njo akaanza kuandika maneno ndani ya picha, ili mutu asimame asome. Mwaka 1989 picha zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho ya Magiciens de la terre. Ile alama yake, inayojulikana leo mbali sana na Kinshasa, ilitoka kwa wapita njia waliokuwa hawasimami. Wale walikuwa juri yake, na hawakumuficha matokeo.

Juri zetu zinatuficha. Mwaka jana, kwenye shindano moja hapa Goma, tulisoma vijana ishirini na kitu. Jioni wakataja majina matatu, wakapiga picha, muziki ukaanza. Nikauliza pointi zangu. Nikaambiwa: “Utapigiwa.” Mpaka leo telefoni haijalia. Aliyeshinda alitushinda wazi, sauti yake ilikuwa imetulia, sina neno naye. Nataka tu kujua nilianguka wapi: kwa teksti, kwa sauti ao kwa saa? Bila jibu, kijana anarudi Ndosho na mawazo mawili: sina talanta, ao walipanga mbele. La kwanza linamutoa kwa kalamu. La pili ni baya zaidi, sababu linamuzoeza kuamini kwamba kila nafasi katika inchi hii inanunuliwa, na siku akipata pesa atanunua na yeye.

Kwa hiyo, ninyi munaoandaa: vipimo vitoke pamoja na tangazo, siyo kisha. Juri ijulikane kwa majina. Na kila aliyeshiriki apewe pointi zake pamoja na mistari miwili ya maelezo, hata kwa WhatsApp. Munalipa sono, munalipa mabango, munalipa wapiga picha. Mistari miwili haiwezi kuwashinda.

Na sisi tusingojee. Katoyi tuko saba, kila Jumamosi saa nane tunasomeana. Sheria iko moja: hakuna kusema “iko poa”, unasema ni mustari gani ulikuchosha. Siku ya kwanza mumoja wetu alikasirika akaondoka, Jumamosi iliyofuata akarudi na teksti fupi zaidi. Kartie zingine zifungue meza zao. Asiyeandika alete muchoro ao wimbo wa telefoni, dakika tatu.