Nahau za Kiingereza: Je, Ni za Kukaririwa Tu?

Imezoeleka katika madarasa mengi nchini Kenya kwamba nahau za Kiingereza hufunzwa kwa orodha: nahau kushoto, maana kulia, mwanafunzi akariri. Hoja inayotolewa ni kwamba nahau haina mantiki. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini imemdhuru mwanafunzi pasipo sababu.

Mfano mzuri ni "three sheets to the wind", hali ya mtu aliyelewa chakari. Mwanafunzi ajuaye tu kwamba "sheet" ni shuka atayawazia mashuka matatu yaliyoanikwa uani, na mlevi hatamwona. Katika lugha ya mabaharia, hata hivyo, neno hilo ni kamba ya kuzuia tanga, ile iitwayo demani na manahodha wa Pwani. Demani ikilegea, tanga hupigapiga ovyo na chombo huyumba. Mlevi amepatikana! Yamkini kijana wa Lamu aliyezoea jahazi ataielewa nahau hiyo upesi kuliko mwenzake wa London apandaye treni. "Taken aback", yaani kupigwa na butwaa, nayo ni ya baharini: upepo umeligeukia tanga ghafla na kulisukuma kinyume kwenye mlingoti, merikebu ikasita.

Si kila nahau hufumbuka hivyo. Kuhusu asili ya "kick the bucket" wasomi hawajaafikiana, na ngano zinazosimuliwa juu ya mvua ya paka na mbwa zinafurahisha kuliko zinavyoaminika. Hapo kukariri hakuepukiki. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Mzee "amekula chumvi nyingi". Ikisemwa kwamba chumvi nyingi imeliwa na mzee, umri umetoweka na kilichobaki ni mlo mbaya. Ile ndoo ya Kiingereza nayo, sentensi ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, hafi mtu. Ni ndoo tu iliyopigwa teke. Ajabu ni kwamba walimu wa lugha hizi mbili, ambao aghalabu huketi katika chumba kimoja, hawalifundishi jambo hili pamoja.

Madhara yake husikika redioni na hotubani, ambako tafsiri sisisi ya "mwisho wa siku" imeshika mizizi. Msikilizaji asiyejua Kiingereza hungoja jua lichwe, ilhali msemaji alitaka kusema "hatimaye" au "mwishowe", maneno ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani.