Hanga Alikufa Lini?

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la Mapinduzi ya Zanzibar, huandika ubaoni jina la Abdulla Kassim Hanga na kando yake mwaka 1969. Hakosi mwanafunzi wa kuuliza: tarehe ngapi, Mwalimu? Hapo chaki hubaki mkononi.

Huyu hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar katika miezi ya mwanzo ya Mapinduzi ya 1964, kisha waziri katika Serikali ya Muungano. Mwaka 1969 alitolewa Bara, yeye na Othman Shariff, wakakabidhiwa kwa wenye mamlaka Visiwani. Hukumu haikusomwa hadharani, kaburi halikuonyeshwa, tarehe haikutangazwa.

Wapo wanaoniambia kwamba tarehe ni jambo dogo. Si dogo, na kila aliyewahi kufiwa katika nyumba ya Kiislamu analijua hilo. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Ianze kuhesabiwa lini? Mirathi nayo ni ya waliokuwa hai marehemu alipokata roho: mzazi aliyetangulia kwa siku moja hana fungu, aliyefuata kwa siku moja analo. Anayeficha tarehe ya kifo ametia mkono katika ndoa za watu na mali zao.

Wala tusidanganywe kwamba mambo haya hayachunguziki. Februari 1961 watawala wa Katanga walitangaza kwamba Lumumba alitoroka akauawa na wanakijiji. Leo inajulikana kwamba aliuawa usiku wa Januari 17, na Bunge la Ubelgiji lenyewe liliunda tume iliyotoa ripoti mwaka 2001. Mwili uliyeyushwa kwa tindikali, tarehe ilipatikana.

Sisi tunajua kutunza tarehe tukitaka. Aprili 7 ni sikukuu ya kitaifa kwa kuwa Mzee Karume aliuawa siku hiyo mwaka 1972, na ni stahili yake. Basi nazitaka serikali zetu mbili zifungue majalada ya 1969. Sidai mtu ashitakiwe. Wengi wamekwisha kwenda mbele ya haki. Nadai siku, mwezi na mahali. Mfungwa hahamishwi kuvuka bahari bila mtu kutoa amri, na nanyi watumishi wa umma mnaonisoma, mnaoshika funguo za masijala, mnajua pa kuanzia kutafuta.