Ramani na Wenyeji wa Nzuguni

Tangu mwaka 1973, chama tawala cha TANU kilipokata shauri kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na hata baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuvunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri, ardhi ya Wagogo imepimwa na kupimwa tena, aghalabu kwa kalamu za watu ambao hawakupata kulima mtama juu yake. Nzuguni, kata ya jiji la Dodoma, leo pana viwanja vya maonyesho ya Nanenane, soko na stendi kuu ya mabasi. Lakini ajuaye ni korongo lipi hufurika mvua za Januari zikishuka si mchoraji wa ramani, bali ni bibi kizee aliyelivuka umri wake wote, ndoo kichwani.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeagiza wananchi washauriwe. Lakini mkutano uitishwao saa nne asubuhi, watu wakiwa makondeni, ramani imetundikwa ukutani na hapana wa kuifasiri, haustahili jina la mashauriano. Ni taarifa tu.

Twawasihi wakuu wa jiji wawaite wenyeji jioni, kabla mipaka haijachorwa, na kila lisemwalo liandikwe katika muhtasari, kisha lisomwe mbele yao.