Bendera ni mali ya wote, si ya chama

JUZI nilikuwa katika soko la Konyo Konyo nikitafuta madaftari ya wanafunzi wangu. Mama mmoja mchuuzi wa nyanya, aliyeingia na mzigo wake kupitia Nimule, alimwuliza kijana aliyekuwa akiuza bendera ndogo: “Mwanangu, hii si ya Kenya?” Kijana akamjibu, “La, mama. Hii ni ya chama.” Waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka.

Swali la mama lina msingi. Nyeusi, nyekundu na kijani, zikitenganishwa na mistari myeupe, ndizo rangi zilizopandishwa Nairobi Desemba 12, 1963. Mimi niliyesomea ukimbizini Kitale nilisimama mbele ya bendera hiyo kila Jumatatu, nikiimba wimbo wa nchi ya wenyewe. Yetu haina ngao wala mikuki. Ina pembetatu ya buluu, yaani maji ya Mto Nile, na nyota ya dhahabu ya umoja.

Jibu la kijana nalo lina ukweli wake. Bendera hii ilikuwa ya SPLM wakati wa vita vya msituni. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 9, 2005 ikawa ya serikali ya Kusini, na Julai 9, 2011 ikapandishwa Juba kuwa ya taifa huru.

Wazee wetu walikwisha kuona bendera mbili kabla ya hii. Ile ya mwaka 1956 ilikuwa ya buluu, njano na kijani: mto, jangwa na mashamba. Mwaka 1970 Khartoum ikaiondoa na kuweka rangi za umoja wa Waarabu. Mtu wa Kusini akaitazama asijione ndani yake.

Kosa hilo tusilirudie. Kenya nayo ilichukua rangi za KANU, lakini ikaongeza nyeupe ya amani na kuweka ngao, ili asiyekuwa wa KANU naye aseme ni yangu. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliunganisha rangi zao katika bendera moja.

Hapa kwetu, Desemba 2013 ndugu waliuana huku wote wakidai bendera ile ile. Kama ni ya chama, basi asiye wa chama hana nchi. Lakini nyekundu yake ni damu ya watu waliokufa bila kuulizwa kadi, na nyeusi ni ngozi yetu sote, aliyebaki na aliyerudi.

Walimu wenzangu, tuwafundishe watoto hivyo. Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, mkiulizwa ni ya nani, jibuni: ni ya wananchi.

Nilinunua moja. Nimeitundika darasani, juu ya ubao.