Ile Nyota Nyekundu Ilinifunza Kudanganya

Wasee, wacha nianze kwa kukiri. Kuna watu kama arobaini hapa Isiolo ambao, kulingana na kompyuta ya duka moja la simu za mkopo, ndugu yao wa karibu ni mimi. Hatujuani. Wengine wamenizidi umri mara tatu. Lakini ukifungua akaunti zao, pale pameandikwa "namba ya ndugu wa karibu", utapata namba yangu. Hakuna mtu aliiiba. Niliiandika mwenyewe.

Nilifanya kazi kwa hiyo kaunta miezi mitano baada ya kumaliza sekondari. Mteja anachagua simu, analipa pesa ya kwanza, halafu mimi namwingiza kwa CRM, yaani ile programu kampuni inatumia kuweka kila kitu kuhusu wateja wake: ni nani, alinunua nini, amebakisha ngapi. Ukurasa mmoja, visanduku kumi na saba, na kumi na vinne kati yake vilikuwa na ile nyota nyekundu ya "lazima". Ukiacha kimoja kitupu mfumo unagoma kuhifadhi. Simu haitoki. Mteja anakuangalia, foleni inakuangalia, na wewe unalipwa kwa idadi ya simu zilizotoka.

Hapo ndipo unakuwa msanii. Imeli? Naandika hakuna, alama ya @, hakuna tena, nukta, com. Inakubali. Sanduku la posta? Kila mtu alipewa sanduku la duka, 60300 Isiolo, mpaka wale wa kutoka Merti. Namba ya ndugu ndiyo ilinisumbua. Nilijaribu sifuri tupu ikakataa, kwa sababu mfumo ulifundishwa kuangalia kama namba ina tarakimu kumi na inaanza na 07 au 01. Hakuna mtu aliufundisha kuuliza hiyo namba ni ya nani. Basi nikaweka yangu.

Mwisho wa mwezi bosi anafungua ripoti: taarifa za wateja zimejazwa asilimia 100. Tulipongezwa, aki.

Kuna mama mmoja alichukua simu kwangu. Mwanawe alikuwa mbali na mifugo, kwenye hakuna mtandao, na hakukuwa na namba nyingine yoyote aliyoijua kichwani. Aliniambia wazi: "Mwanangu, sina." Nikamwambia usijali mama, nitapanga. Nikapanga. Akalipa kila siku mpaka akamaliza, na siku chache baadaye simu ikajifunga kama ya mtu mwenye deni. Alipopiga huduma kwa wateja waliomba athibitishe kuwa ni yeye. Jina sawa, kitambulisho sawa. Swali la tatu: taja namba ya ndugu wa karibu. Akasema ukweli, kwamba hakuwahi kutoa namba yoyote. Akafeli. Alikaa siku kumi na moja na simu aliyoilipa yote na hawezi hata kuona pesa zake za M-Pesa. Alipokuja dukani hakunilaumu, alidhani ni kompyuta. Nami nikanyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo inanifanya niandike leo.

Kwa hivyo nikisikia mameneja wakisema dawa ya data chafu ni kuongeza nyota, huwa nacheka kidogo. Kisanduku kitupu kila mtu anaona ni kitupu. Unaweza kukihesabu, unaweza kumpigia mteja ukamuuliza. Kisanduku kilichojazwa uongo kinafanana kabisa na kilichojazwa ukweli, na kampuni itafanya uamuzi juu yake bila wasiwasi.

Na huku kwetu kuna sababu zaidi. Chukua jina tu. Salesforce, moja ya CRM zinazotumika sana duniani, imetoka Marekani. Ukitaka kuhifadhi mtu humo, jina la mwisho ni lazima, la kwanza unaweza kuliacha. Mmarekani haoni shida, kwake jina la mwisho ni la familia nzima. Sasa njoo kwa Waborana na Wasomali wa Bula Pesa. Una jina lako, la baba yako, la babu yako. Jina la ukoo halimo kwenye hiyo orodha. Mama haolewi akabadilisha majina, kwa hivyo yeye na mtoto wake wanaweza kuwa hawana hata jina moja sawa. Mfumo unawaona kama watu wasiojuana. Mimi kwa "surname" nilikuwa naweka babu, mwenzangu wa zamu ya jioni anaweka baba. Mteja mmoja, akaunti mbili, na malipo yameenda kwa ile nyingine.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni sinema. Mzee anajua alizaliwa wakati wa mvua kubwa, na jina lake Roba linasema hivyo hivyo, mvua. Halkano ni wa usiku, Guyo ni wa mchana. Hawa watu wamebeba habari za kuzaliwa kwao ndani ya majina, lakini kisanduku kinataka siku, mwezi, mwaka. Anayejua mwaka peke yake anapewa tarehe 1 Januari. Mwaka Mpya simu za wazee wengi sana zilipata ujumbe wa heri ya kuzaliwa siku moja. Tulicheka dukani. Sikucheka sana nilipokumbuka kwamba tarehe ni swali lingine la kuthibitisha.

Pia tuwe wakweli, mtu wa Kaskazini ana historia na fomu. Kwa miaka mingi kijana wa huku akienda kuchukua kitambulisho alipigwa msasa wa ziada ambao wenzetu wa sehemu nyingine hawakuujua, kamati ya wazee ikimuuliza baba ni nani na babu ni nani. Rais Ruto alitangaza kuuondoa huo msasa Februari 2025, akiwa Wajir. Mtu aliyekulia kwa maswali kama hayo akiona fomu yenye nyota kumi na nne, hatafuti jibu la kweli. Anatafuta jibu litakalompitisha.

Kitu kilinishangaza nilipoanza kusoma ni kwamba sheria iko upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, inasema taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa, na ziwe sahihi. Kifungu cha 29 kinataka uambiwe, kabla hawajachukua, kama kutoa ni lazima au ni hiari, na nini kitatokea usipotoa. Kwa miezi mitano sikuwahi kumwambia mteja hata mmoja. Nyota ilikuwa inaniangalia mimi, yeye yuko upande ule mwingine wa kioo.

Na ile namba ya ndugu si hata ya mteja, ni ya mtu mwingine ambaye hayuko dukani na hajakubali chochote. Mnakumbuka Septemba 2023? Kamishna wa Data aliipiga kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizopata kwa wengine, kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Kisanduku cha "ndugu wa karibu" kwenye duka la mkopo kinaelekea huko huko, na nadhani wengi wanakiweka lazima kwa sababu hiyo hiyo: wapate mtu wa kusumbua.

Najua jibu la bosi. Atasema tukiondoa nyota, vijana wa kaunta hawatajaza kitu. Ana haki, mimi nilikuwa mvivu, na kuna vitu lazima viulizwe: usajili wa laini unataka kitambulisho kisheria, benki nazo lazima zimjue mteja. Mkopo bila jina na namba ya simu ni zawadi. Basi weka nyota hapo: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, lote kwenye kisanduku kimoja, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Mengine yangoje wakati wake. CRM nyingi zinaweza kupangwa kisanduku kiwe lazima mteja akifika hatua fulani, si mlangoni. Anwani uliza siku unampelekea mzigo.

Na pale unapolazimisha, ruhusu jibu la kweli. Weka "hana", weka "amekataa kusema", weka "hajui", kwa sababu hayo ni mambo matatu tofauti. Yule mama angekuwa na "hana" kwenye akaunti yake, yule wa huduma kwa wateja angeuliza swali lingine na mambo yaishe kwa dakika mbili.

Kama wewe ni meneja na unasoma hii, fanya kitu kimoja kesho asubuhi, hakiitaji hata mtaalamu. Panga namba zote za ndugu wa karibu, uone ni ipi inajirudia. Tafuta pia sanduku la posta linalojirudia, na hao wote wa tarehe 1 Januari. Usimfukuze kijana wa kaunta ukipata yake. Muulize ni kisanduku gani kilikuwa kinamshinda.

Mimi nilitoka pale kitambo na nimewaandikia kuomba wasahihishe zile akaunti. Sijajibiwa. Jana saa mbili usiku nikapigiwa tena, jamaa mkali anataka nimwambie "mjomba wangu" alipe deni lake. Nilimuuliza anaitwa nani huyo mjomba. Akataja jina moja tu, la babu.