Kamyo tunayoikatala ku kazi, juu ya nini tunapandisha watoto wetu siku ya feti?

Bandugu wa mine, bamama na watoto wa makampu, 30 juni inakaribia. Watu wameanza kuchanga franka juu ya kutoka Lubumbashi siku moja. Wamoja wanasema Mwadingusha, wengine wanasema Lofoi. Ni muzuri sana. Mutu anayeshinda mwaka muzima mu vumbi ya karieri anapashwa kuona maji na majani, na kukula bukari na samaki kando ya ziwa pamoja na bibi na watoto. Mimi sina neno na safari. Neno langu iko juu ya motokari.

Kila mwaka nasikia mazungumuzo ileile. Swali ya kwanza: «Ni franka ngapi?» Swali ya pili: «Inabeba watu ngapi?» Hakuna anayeuliza kama ile njia inataka motokari ya namna gani, na shofere ni nani. Mimi pia sikuuliza. Nitasema wazi, juu mutu wa sendika asiyesema makosa yake hana haki ya kusema makosa ya patron.

Miaka sita iliyopita, njo mimi niliyetafuta motokari ya kupeleka ekipi yetu Mwadingusha. Nilikamata kamyo ya kubeba makala, juu bei ilikuwa chini. Tulipanda watu zaidi ya 40, bamama wakakaa juu ya magunia. Kwenda ilikuwa nyimbo tu. Kurudi, giza ikatukuta pa njia ya udongo. Pa mutelemuko freni ikakatala, shofere akaingiza kamyo mu majani juu ya kuisimamisha, watu wakaanguka. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Lakini mutoto mumoja wa miaka 9 alivunjika mukono, na mupaka leo ule mukono haunyooki muzuri. Baba yake tunatumika naye ekipi moja. Hajanilaumu hata siku moja. Njo ile inaniumizaka zaidi.

Yenye kunipatisha haya ni kwamba juma ileile nilisimama mbele ya patron kusema juu ya bisi ya wafanyakazi: mutu mumoja kiti kimoja, hakuna mutu kusimama, mapine mazima, shofere aliyelala usingizi. Nilisema kwa nguvu, na bakomerade wakanipigia makofi. Lakini watoto wangu mwenyewe nilikuwa nimewapandisha juu ya magunia.

Kwa hiyo nasema hivi: masharti tunayomuomba patron, tuitimize sisi wenyewe siku ya feti. Tuangalie njia kwanza, halafu motokari, halafu bei.

Kufika Likasi ni lami, karibu kilometre 120. Hata IST ao Noah inatosha. Hatari ya kule ni makamyo ya shaba na ya asidi. Mu mwezi wa pili 2019, pa njia ya Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na bisi, watu zaidi ya 10 wakakufa. Tena motokari zetu nyingi zinatoka Japani, zinapita Dar es Salaam na Zambia mupaka Kasumbalesa, volani iko kuume. Kwa Watanzania na Wazambia ni sawa, juu wao wanatembea kushoto. Sisi tunatembea kuume. Shofere wa volani ya kuume akitaka kupita kamyo, haone mbele mupaka atoe nusu ya motokari katikati ya njia. Basi avumilie nyuma, na pembeni yake akae mutu mukubwa anayejua kuendesha, amuangalilie. Asikae mutoto mwenye telefone.

Kutoka Likasi kwenda Mwadingusha, tunaingia mu udongo. Kule Union Minière iliweka sentrale ya umeme mu 1930, juu ya viwanda vyake vya shaba, na ziwa Tshangalele lilizaliwa pa ile barrage. Watoto wa mine wanapashwa kuiona, juu ile maji ilitumika pamoja na batata zetu. Saizoni ya jua kama sasa, Hiace yenye mapine muzuri inafika pole pole. Lakini kutoka mwezi wa 11 mupaka wa 4, mvula inageuza ule udongo mwekundu kuwa sabuni. Usibishane nayo.

Lofoi ni neno ingine. Maji inaanguka zaidi ya metre 300, mu parke ya Kundelungu iliyowekwa mu 1970. Mutu akisimama pale anasahau matatizo yote. Lakini ile njia inataka jipu ya katkat iliyo juu, mapine mawili ya akiba, mazutu ya kwenda na kurudi, na motokari mbili pamoja, juu moja ikikwama, ingine iivute. Kama hauna franka ya ile yote, usiende Lofoi mwaka huu. Yale maji hayahami.

Najua wataniambia: «Komerade, uko nasema sawa patron. Jipu ni ya watu wa franka.» Ni kweli, mushahara wetu naujua. Lakini tusichague mahali tunapotamani halafu tutafute motokari ya bei chini ya kutufikisha kule. Tuanze na motokari tunayoweza kulipa, halafu tuende mupaka pale inapoweza kufika. Na kama moyo unataka Lofoi, tuanzishe likelemba mwezi wa 7. Kila mushahara, kila mutu atoe kidogo, mwaka kesho tutalipa jipu mbili.

Bamama, ninyi njo munashikaka watoto. Mukiona kiti hakuna, katala kupanda. Mukiona shofere ameanza kunywa pa saa sita ya muchana, kamata funguo. Bwana akikasirika, mwambie ni mutu wa sendika aliyesema.

Na sisi wanaume, ku mine hatuwashi mashini mbele ya kuizunguka: mapine, freni, taa, mafuta. Ni dakika tano. Tuzunguke vilevile motokari inayobeba bibi na watoto.

Ekipi yetu mwaka huu inarudi Mwadingusha, mu Hiace mbili, kila mutu na kiti chake, na saa nane tutakuwa tumeanza kurudi. Ule mutoto wa mukono leo ni kijana wa miaka 15. Amekubali kuja. Kiti chake nimelipa mimi.

Delege wa sendika, Lubumbashi