Wanaopokea Vilio vya Wengine, Nani Anawapokea Wao?



Korona ilithibitishwa nchini Machi 16, 2020, na siku ya pili yake Serikali ikatangaza kufunga shule. Shule zote zilikuwa zimefunguliwa tena kufikia Juni 29 mwaka huo. Katika miezi hiyo tuliwaombea sana madaktari, lakini wapo tuliowasahau: maafisa ustawi wa jamii, wauguzi na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, ambao kazi yao ni kuwapokea waliodhulumiwa.

Tutazame mkoa wa Singida. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulionesha kuwa wanawake 31 katika kila 100 mkoani humo walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Sheria ya 1998 ilipokataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, baadhi ya familia ziligeukia watoto wachanga kwa siri, zikidai kutibu maradhi wanayoyaita lawalawa. Mtoto mchanga hasemi. Atakayegundua ni muuguzi wa kliniki, naye huenda anaishi kijiji kimoja na bibi aliyeamuru. Akiripoti anakuwa adui. Akinyamaza nafsi inamsuta.

Korona ilizidisha mzigo huo. Mwalimu aliyekuwa akigundua mtoto aliyebadilika hakuwa naye tena darasani. Aliyedhulumiwa alitaka mtu wa kukaa naye karibu, na amri ilikuwa kukaa mbali. Jioni mfanyakazi alirudi kwa wanawe akichelea kuwapelekea maradhi, na moyoni alikuwa na siri asizoweza kumwambia hata mwenza wake.

Nasi visiwani tusijione tuko mbali. Tuna vituo vya Mkono kwa Mkono, na tuna muhali. Kesi inaanza, wazee wanakaa kikao, shahidi anajitoa. Sisi tunaita suluhu. Aliyemshika mtoto yule mkono anabaki na uchungu peke yake. Sitara haikuwekwa ili kumficha dhalimu.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimfundisha ‘Abdullaah bin ‘Amr kuwa hata mwili wake una haki juu yake, naye alikuwa katika ibada. Basi wakuu wa kazi wawape watu hawa zamu za kupumzika na mtu mwaminifu wa kuzungumza naye. Nasi familia tutoe ushahidi wa kweli, na tukiona mtoto anadhulumiwa tupige simu 116 bila ya kungoja. Huko ndiko kuwapunguzia mzigo.

Wa-Allaahu A‘lam.